Vivuli vya Oyster Bay ni vya Nani?

Mtu atokaye mjini Dar es Salaam akavuka Daraja la Salenda kwenda kaskazini hahitaji kibao cha kumwambia kwamba ameingia mahali pengine. Hewa yenyewe humwambia. Joto la mjini hupungua, upepo wa bahari humpata usoni, na juu ya njia hukutana matawi ya miembe na mikrismasi. Nyumba za zamani zimesimama mbali na barabara, kila moja ndani ya bustani yake, na mbuyu mmoja mmoja umebaki kama mzee aliyekataa kuhama. Wenyeji wa mji walipaita Uzunguni. Jina hilo hapo kwanza lilikuwa la mtaa mwingine, ule ulio karibu na Ikulu, lakini Oyster Bay ililirithi, na mpaka leo wako watu wazima wasiolitaja bila ya kushusha sauti kidogo.

Juu ya mahali hapa husikika siku hizi maneno ya namna mbili. Wengine husema: miti ile ni ya mkoloni, bustani zile ni za mkoloni, na ardhi ya mjini ni ghali, basi ikatwe, zijengwe ghorofa, tusilie juu ya kivuli ambacho hatukupandiwa sisi. Wengine husema kinyume chake: hapa ni mahali pa utulivu pa watu wa heshima, basi daladala zipunguzwe, wachuuzi waondolewe, na umati wa Jumapili ufukoni upelekwe kwingine. Wa kwanza hujiona wazalendo, na wa pili hujiona wastaarabu. Sisi twaona kwamba wote wawili wamesahau jambo moja, nalo ni jinsi kitongoji hiki kilivyopatikana na nani aliyekitengeneza.

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huo huo wakatoa amri ya ujenzi iliyoanza kuugawa mji kwa namna ya nyumba. Walipokuja Waingereza, ambao waliuteka mji mwaka 1916, hawakuifuta desturi hiyo. Waliinyoosha tu. Katika miaka ya 1920 waliugawa mji katika kanda tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nyumba za kuishi za namna ya Kizungu. Ya pili ilikuwa ya maduka na nyumba za biashara, ndiyo Uhindini. Ya tatu ilikuwa Kariakoo, na baadaye Ilala, ambako Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba yake ya udongo na makuti. Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha uwanja wazi wa Mnazi Mmoja, kwa sababu walizoziita za afya.

Msomaji na atazame vizuri hila iliyokuwamo katika sheria ile. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Uingereza ilikuwa na hesabu ya kutoa mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule. Haikufaa kuandika waziwazi kwamba Mwafrika asikae hapa na Mhindi asikae pale. Basi sheria haikutaja rangi ya mtu; ilitaja namna ya nyumba. Ilitosha kusema kwamba katika kanda ya kwanza lazima nyumba iwe ya mawe au saruji, yenye vyumba vya kadiri fulani, juu ya kiwanja cha ukubwa fulani. Mshahara wa mtu mweusi ulimaliza kazi iliyobaki. Hapakuhitajika askari wa kusimama njiani. Bei ya saruji ilitosha.

Oyster Bay yenyewe ilizaliwa baada ya daraja. Hapo kwanza upande ule wa mkono wa Msimbazi ulikuwa na minazi, vichaka na njia za wavuvi wa Msasani. Daraja lilijengwa karibu na mwaka 1930, likaitwa kwa jina la Selander, mkuu wa kazi za umma wa serikali ya kikoloni, jina ambalo ndimi zetu zililifanya Salenda. Viwanja vikapimwa kando ya bahari, na nyumba za maofisa zikaanza kusimama moja moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili wageni waliongezeka upesi, na mwaka 1949 wahandisi wa kampuni ya Sir Alexander Gibb walitoa ramani ya mji wote. Katika ramani ile Oyster Bay ilikuwa ya watu wachache katika viwanja vikubwa, Upanga ya watu wa kadiri, na Magomeni na Temeke za watu wengi katika viwanja vidogo. Kila aliyeisoma alijua kwamba wachache maana yake Wazungu, wa kadiri maana yake Wahindi, na wengi maana yake sisi. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta mjini watu 128,742, na Wazungu kati yao hawakufika elfu tano. Kwa ajili ya hao ndipo ulipolazwa ufuko mzima.

Lakini je, ni kweli kwamba Oyster Bay ilikuwa ya Wazungu? Mchana, kwa karatasi, ndiyo. Usiku, ukihesabu waliolala ndani ya ua zake, jibu ni jingine. Nyuma ya kila nyumba kubwa palijengwa kibanda cha saruji chenye chumba kimoja au viwili, dirisha dogo na mlango uliotazama jiko la bwana. Humo walikaa mpishi, boi, yaya, dobi na mtunza bustani, na mara nyingi mtoto wa ndugu aliyekuja mjini kutafuta kazi na ambaye hakutakiwa aonekane. Walitoka Uzaramo, Rufiji, Songea, Tunduru, Unyamwezi na kwingineko, wakajifunza kusikilizana katika uwanja wa kuanikia nguo. Bwana alikaa miaka miwili au mitatu, akahamishiwa kwingine au akarudi kwao. Mtunza bustani alibaki, akakabidhiwa kwa bwana mpya pamoja na mpira wa kumwagilia maji.

Basi aulizaye ni nani aliyeipanda miti ile, jibu ndilo hilo. Bwana alinyoosha kidole; aliyechimba shimo, akabeba ndoo, akaufunga mche kwa kamba usivunjwe na pepo za kusi, alikuwa mtu wa Rufiji au Mahenge, na ujira wake wa mwezi haukununua hata kiti kimoja cha barazani alipokuwa akifagia majani. Wasemao kwamba kivuli kile ni mali ya mkoloni wanampa mkoloni sifa ambayo hata yeye hakuidai.

Wala watu hao hawakuwa mabubu. Wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walijiundia chama chao hata kabla ya Vita Kuu ya Pili kwisha, wakati vyama vingi vya wafanyakazi tunavyovikumbuka vilikuwa havijazaliwa. Mwezi wa Desemba 1956 watumishi wa mahoteli na wa majumbani waligoma, na mabibi wengi wa Oyster Bay waliiona sufuria kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu washuke melini. Katika vitabu vya historia ya uhuru habari hiyo hupewa mistari michache. Ilistahili zaidi, maana huyu alikuwa mfanyakazi aliyegoma huku akilala ndani ya ua wa tajiri wake, na kufukuzwa kazi kwake ni kufukuzwa na nyumbani.

Mmoja wa watu wa namna hiyo jina lake limezunguka dunia. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alikuja Dar es Salaam na kufanya kazi kwa Mzungu, na mnamo mwaka 1968 akaanza kupaka picha za wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao kwa rangi za kung'aa za madukani. Picha hizo ziliuzwa chini ya mti penye maduka ya Morogoro Stores, papo hapo Oyster Bay, kwa wageni waliokuja kununua nyama na mboga. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa makosa, wakati wa msako ambao haukuwa wake. Ndugu zake na wanafunzi wake waliendelea, wakaunda ushirika wao, na kazi yao ingali ikiuzwa palepale. Kitongoji kilichojengwa ili Mwafrika aingie kwa mlango wa nyuma tu ndicho kilichompa ulimwengu sanaa ya Kitanzania ijulikanayo kuliko zote, na waliotoka nayo walitoka kwa mlango huo wa nyuma.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961 nyumba hazikubomolewa; walibadilika waliomo. Maofisa wa Kiingereza waliondoka kidogo kidogo, na mahali pao wakaingia makatibu wakuu, mawaziri na madaktari wetu, wale ambao watu wa mjini, kwa kejeli isiyo na chuki nyingi, waliwaita naizesheni. Balozi za nchi rafiki zikafungua milango. Barabara zikapewa majina ya watu wetu na marafiki zetu: Haile Selassie, Toure, Kenyatta, Kaunda, Karume. Mwalimu Nyerere, ambaye nyumba yake ya miaka ya kudai uhuru ilikuwa Magomeni, alijijengea nyumba Msasani, jirani na wavuvi, na Jumapili alisali katika Kanisa la Mtakatifu Petro kama muumini mwingine yeyote.

Katika miaka ile yalifanyika mambo mazito juu ya ardhi na nyumba. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja, ule aliouacha Mjerumani na Mwingereza akaulinda, ulikomeshwa, na kila mwenye hati akawa mpangaji wa taifa kwa muda maalumu na kwa masharti. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Jambo hili la mwisho liliwaumiza Wahindi wengi, na wako waliohama nchi kwa sababu yake. Haifai kulisema kana kwamba halikuwa na machozi.

Hata hivyo ramani haikuguswa. Wapimaji waliacha kusema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Walianza kusema ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Maneno hayo ni safi, ya kitaalamu, wala hayamtukani mtu. Lakini mipaka ya ujazo ilifuata mipaka ya rangi kama maji yafuatavyo mfereji uliochimbwa zamani. Ile hila ya mwaka wa ishirini na kitu, ya kutaja nyumba badala ya mtu, iliingia katika ofisi zetu wenyewe, ikapewa kiti.

Tukio moja lilionyesha kwa uchungu ni akina nani hasa watu wa Oyster Bay. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa penye ubalozi wa Marekani katika Barabara ya Laibon. Walikufa watu 11. Hapakuwa na Mmarekani hata mmoja kati yao. Walikuwapo walinzi wa lango na watu wa kazi, wale wale ambao, ukiwauliza wanakaa wapi, wangekutajia mahali pengine kabisa.

Sasa tuje kwenye jambo la leo. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza nyumba zake maelfu nchini kote kwa watumishi waliokuwamo, na nyingi za thamani kubwa zilikuwa Oyster Bay na jirani zake. Ilielezwa kwamba nyumba zilikuwa zimechakaa, na kuzitunza kulikuwa mzigo. Yawezekana. Lakini ndugu msomaji, nyumba iliyochakaa juu ya kiwanja kikubwa kando ya bahari haiuzwi kwa hesabu ya bati na dirisha. Thamani yake imo katika ardhi, na thamani ya ardhi ile haikuletwa na mtumishi aliyekaa humo miaka saba wala na aliyekaa ishirini. Ililetwa na daraja, barabara, mabomba na nguzo za umeme, vyote vilivyolipwa na kodi ya mkulima wa kahawa wa Bukoba na wa pamba wa Shinyanga kwa zaidi ya nusu karne. Mkulima huyo hakuulizwa. Jambo hili lililalamikiwa Bungeni na magazetini, na malalamiko hayajazimika. Daktari kijana au hakimu aajiriwaye leo hazikuti tena nyumba nyingi zile; hupanga chumba huko mbali na kuamka saa kumi za usiku.

Yaliyofuata kila mtu ameyaona. Nyumba ya zamani huvunjwa, mwembe hukatwa siku moja kabla jirani hajajua, ukuta hupandishwa, na mahali pa familia moja husimama ghorofa nane au kumi. Sisi hatupingi ghorofa kwa kuwa ni ghorofa. Mji uliokuwa na watu 128,742 mwaka 1957 ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022. Hauwezi kuendelea kuwa na rasi nzima ambamo kila mtu na nyasi zake. Atakaye Oyster Bay ibaki kama alivyoiacha Mwingereza anataka, ajue asijue, ile kanda ya kwanza irudi.

Shida yetu ni nyingine. Watu wameongezeka Oyster Bay, lakini ni watu gani? Fleti zile kwa miaka mingi zilipangishwa kwa dola, na ada ya mwezi mmoja ilizidi mshahara wa mwalimu wa miezi mingi. Ujazo umekua na mlango umebaki palepale. Yaya na mlinzi, ambao zamani angalau walikuwa na kile kibanda cha nyuma, leo hawana hata hicho, maana kibanda kimevunjwa pamoja na nyumba kikawa maegesho ya magari. Jioni utawaona wakitembea kwa makundi kuelekea Namanga na Msasani kutafuta daladala ya mwisho. Hivyo tumepoteza kivuli, na hatukupata usawa uliosemwa kwamba ndio bei yake. Hiyo ndiyo biashara mbaya kuliko zote.

Nao waliobaki chini, yaani wenyeji wa Msasani na Bonde la Mpunga, hulipa kwa maji. Jina la bonde lajieleza: palikuwa mahali pa kulima mpunga, maji yakikaa na kupita kwa wakati wake. Majengo makubwa yalipojazwa kifusi na kuinuliwa, maji ya mvua yalitafuta pa kwenda, yakaingia vyumbani mwa watu waliotangulia kuwapo. Mvua za masika hazina upendeleo, lakini kifusi kinao.

Twasema basi kwamba ardhi hii bado ni ya umma. Hiyo ni sheria, tena ni ya tangu 1963, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haikuibadilisha. Mwenye hati ana haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99 kwa masharti yaliyoandikwa, na sharti la nyumba ya familia moja halibadiliki kuwa ghorofa kumi kwa nguvu za mwenye kiwanja. Hubadilishwa na mamlaka ya umma. Kibali hicho peke yake humtajirisha mtu kwa usiku mmoja. Ni haki gani ya mbinguni inayosema utajiri huo wote uwe wake? Sehemu yake na itozwe, na fedha hizo zijenge nyumba za watu wa kima cha chini papo hapo rasini, wala si Chanika wala Mbagala, ili muuguzi na mpishi walale karibu na kazi zao. Wako watakaosema kwamba nyumba za makabwela zitashusha thamani ya jirani. Hoja hiyo twaijua. Ilikuwa ikisemwa kwa Kiingereza mwaka 1949, na ilitolewa kwa heshima hiyo hiyo.

Miti nayo iwe na daftari. Mbuyu au mwembe mkubwa usikatwe kwa neno la mkandarasi. Aombaye kuukata aeleze sababu, na kibandiko cha maombi kiwekwe ukutani pake ili wapitao wasome.

Na ufuko. Ufuko wa Coco umegombewa kwa miaka mingi, na hapana mahali pengine mjini ambapo kabwela wa Tandale au Manzese huweza kukaa Jumapili na watoto wake mbele ya bahari kuu kwa gharama ya muhogo wa kukaanga na dafu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Hatudai sheria mpya. Twadai mita hizo zipimwe kwa kamba, na nguzo zisimikwe mahali zinapoonekana. Tangu mwaka 2022 liko Daraja la Tanzanite, zaidi ya kilomita moja juu ya maji, lililoongeza njia kutoka mjini hadi ufukoni pale. Daraja la kwanza lilikuja na viwanja vya watu wachache. Hili la pili limejengwa kwa mkopo utakaolipwa na watu wote.

Kuna jambo dogo ambalo Manispaa ya Kinondoni yaweza kulifanya bila ya kungoja bajeti. Kila ombi la kubadili matumizi ya kiwanja Oyster Bay na Masaki, pamoja na idadi ya ghorofa zinazotakiwa na miti itakayokatwa, libandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kata na penye soko la samaki la Msasani, siku thelathini kabla halijakubaliwa. Wavuvi hufika pale kabla jua halijachomoza, na mayaya hupita hapo wakienda kazini.